Auze au ashike: kisa cha majina 23 ya domeini na ofa moja ya dola 1,500

Mwezi wa kumi 2024, wiki ile Uingereza ilipotangaza kwamba itairudishia Mauritius visiwa vya Chagos (ndiko yanakotoka majina ya tovuti yanayoishia na .io), kuna kijana mmoja wa hapa Dar tumezoeana siku nyingi, anaandika programu, akanitumia vois nouti saa tano usiku. Shikamoo kaka, samahani kwa usiku huu, nimesoma sasa hivi doti io inafutwa na mimi ninazo tisa, niziuze zote au nifanyeje? Nikamwambia marahaba mdogo wangu, lala kwanza, hakuna kinachofutwa leo. Hakulala. Na siku chache baadaye, akiwa bado kwenye presha hiyohiyo, ikaingia imeili ya mtu asiyemjua anataka kununua jina lake moja la io kwa dola 1,500, jibu lipatikane ndani ya siku tatu.

Nataka nikisimulie kisa hiki chote kwa sababu vijana wengi huku wamenunua majina ya mikia hii (mkia naita ile sehemu ya baada ya nukta ya mwisho, io, ai, xyz, africa na wenzake) na kila mwaka wanauliza swali lilelile la niuze au nishike, na mara nyingi wanajibiwa "shika, itapanda" na mtu ambaye ada ya kila mwaka ya kulishika jina hailipi yeye.

Majina yalikuwa 23. Tisa ya io, manne ya ai, sita ya xyz, manne ya africa. Alianza kununua 2021, wakati ule kila mtu ana wazo la kampuni na kila wazo linanunuliwa jina kabla hata ya kuandikwa msitari mmoja wa programu. Kwa msajili wake (kampuni inayomuuzia majina) io ilikuwa kama dola 55 kwa mwaka, ai kama 75 ila unalipa ya miaka miwili kwa mkupuo maana ndo masharti ya mkia wenyewe, xyz 14, africa 18. Ukijumlisha yote unapata dola 951 kwa mwaka, na dola siku zile ilikuwa inacheza kwenye 2,700, kwa hiyo ni zaidi ya milioni mbili na nusu za kwetu. Yeye hakuwahi kuijumlisha hata siku moja. Hela ilikuwa inakatwa kwenye kadi kidogokidogo, leo 55, wiki ijayo 14, mwezi ujao tena 55, na hela inayotoka hivyo haiumi mpaka uikusanye pamoja. Tulipopekua taarifa za benki tukakuta toka aanze ameshalipa kama dola 2,600. Alichouza mpaka siku hiyo, sifuri.

Nikamwambia kabla ya kuongelea Chagos fungua Ekseli, kila jina msitari wake, ada yake, tarehe ya kuisha, na safu moja ya mwisho yenye swali hili: nani hasa atalinunua? Sio "kampuni yoyote ya teknolojia". Andika aina ya biashara, na kama unaweza kuzihesabu, ni ngapi. Safu hiyo ndo iliyomnyima raha kwa wiki nzima. Kwa majina kumi na kitu alishindwa kuandika chochote.

Sasa tuje kwenye hiyo hofu ya io, maana haikuwa ya kipuuzi. IO ni msimbo wa British Indian Ocean Territory, eneo ambalo Uingereza ililikata kutoka Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya Mauritius kupata uhuru, kisha kati ya 1968 na 1973 wakaondolewa wenyeji wote ili Diego Garcia iwe kambi ya jeshi la Marekani. Mkia ulikabidhiwa 1997, na watu wa kompyuta wakaupenda kwa sababu kwao io ni ingizo na tokeo (input/output). Ndo ukaona github.io, itch.io, agar.io na ile michezo yote iliyofuata 2015. Wachagossi waliohamishwa wakaishia Mauritius, Ushelisheli na Uingereza, na mkia unaotokana na visiwa vyao ukauzwa dunia nzima. Mimi hilo haliniachi kila ninapoona io, na naamini kijana yeyote anayefanya biashara ya majina haya anapaswa walau kujua jina limetoka kwenye ardhi ya nani.

Upande wa sheria mambo yanaenda hivi. Mikia ya herufi mbili inafuata orodha ya misimbo ya nchi ya ISO, shirika la kimataifa la viwango. Msimbo ukitolewa kwenye orodha, ICANN (shirika linalosimamia mikia yote duniani) wana sera ya kuustaafisha mkia, mwenye kuuendesha anapewa notisi ya miaka mitano, na anaweza kuomba muda zaidi mpaka jumla iwe kumi. Kwa hiyo hata kama eneo lingekoma kesho, watu wa io wana miaka mitano na zaidi mbele yao, na mkataba wenyewe wa Chagos ulikuja kusainiwa tarehe 22 Mei 2025, na mkataba kusainiwa ni jambo moja, kuridhiwa ni jingine. Historia nayo inatoa majibu ya pande zote mbili. Wasomaji wa Kongo watakumbuka zr ya Zaire, nchi ilibadili jina 1997 ikaja cd, na zr ikafutwa 2001. Yugoslavia yu yao ilizimwa 2010, muda mrefu baada ya nchi yenyewe kuvunjika. Antili za Uholanzi zilivunjwa 2010 na an yao ikaondoka 2015. Halafu kuna su ya Umoja wa Kisovieti, nchi imekufa toka 1991 na mkia wake ukaendelea kuishi miaka mingi ukiwa na majina kama laki moja.

Mimi binafsi naona io ina hela nyingi mno na watumiaji wengi mno kuachwa ifutwe hivihivi, na Mauritius nayo haina sababu ya kuitupa. Ila nilimwambia kijana, usiuze wala usishike kwa kufuata maoni yangu ya siasa. Anayekununulia jina haogopi kufutwa mwaka 2035, anaogopa kumweleza bosi wake kwa nini amenunua kitu ambacho magazeti yanasema kinafutwa. Hofu ya mnunuzi inashusha bei leo hata kama mkia utaishi miaka hamsini. Hilo ndo linaloingia kwenye hesabu.

Na hesabu yenyewe ni rahisi sana, nashangaa haifundishwi. Chukua ada ya mwaka, gawanya kwa bei unayoamini kweli utaipata, jibu ndo uwezekano unaohitaji kila mwaka ili jina lisikule hela. Io ya dola 55 ukiamini itauzwa 2,500 unahitaji asilimia 2.2, yaani ungekuwa na majina mia ya ubora huohuo uuze mawili na kidogo kila mwaka, mwaka hadi mwaka. Watu wenye mzigo mkubwa wa majina, tena wenye doti com nzuri, wengi wanaongelea asilimia moja hadi mbili. Ai ya 75 ukiamini 5,000 unahitaji 1.5. Xyz ya 14 ukiamini 1,500 unahitaji kama 0.9. Africa ya 18, kwa bei za 800 tulizoona zinawezekana, unahitaji 2.25. Kwa hiyo mkia wa bei rahisi sio lazima uwe rahisi kuushika, na mkia ghali sio lazima uwe mzigo, inategemea nani yupo upande wa pili.

Na hiyo bei unayoamini isitoke kichwani. Tulikaa jioni mbili kwenye NameBio (tovuti inayoweka kumbukumbu za mauzo ya majina) tukaangalia mauzo yaliyotangazwa ya majina yanayofanana na yake, urefu uleule, mkia uleule, aina ileile ya neno. Sio you.ai iliyouzwa laki saba za dola 2023, hiyo haikuhusu wewe wala mimi. Ukiondoa yale makubwa yanayoandikwa habari, unabaki na mauzo ya elfu moja, elfu mbili, mengine mia tatu. Alinyamaza kidogo pale.

Turudi kwenye ofa. Jina lenyewe lilikuwa neno moja la Kiswahili, herufi tano, rahisi kutamka kwa Mzungu na Mhindi na Mjapani, na maneno yetu ya namna hiyo yanapendwa sana na watu wa teknolojia huko nje, sio ajabu hata kidogo. Imeili ilitoka kwenye anwani ya bure, haina jina la kampuni. Nikamwambia usijibu kwanza, tutafute. Tukaangalia neno lile kwenye mikia mingine, tukakuta kuna kampuni changa ya Ulaya, watu kama kumi na wawili, inatumia doti com yenye "get" mbele ya neno hilohilo, ilianza 2023. Anayeandika hatukuwa na uhakika ni nani ila ilikaa vizuri.

Hapo kuna mambo mawili yalibadilika. Kwanza, kijana alisajili 2021, neno ni la kamusi, kampuni haikuwepo, kwa hiyo hata wakienda WIPO (shirika la kimataifa la miliki ubunifu, linalosuluhisha ugomvi wa majina) kudai wamenyang'anywa jina hawana mguu wa kusimamia, na kufungua kesi tu kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500 kabla hujamlipa wakili. Angalia, ni ileile ofa yao. Pili, na hili watu wanalisahau wakishajua mnunuzi ni kampuni, mnunuzi ana milango mingine. Anaweza kuchukua dev, app, anaweza kubaki na "get" yake alivyozoea. Bei ya juu kabisa atakayolipa ni ile ambayo mlango wa pili unakuwa nafuu zaidi, haijalishi wewe umeota nini.

Kijana alitaka kujibu 15,000. Nikamwambia tupige hesabu ya kushika. Tuseme jina hili ni zuri kuliko mengine, lina nafasi ya asilimia nne kila mwaka kuuzwa kwa 6,000. Hiyo ni 240, toa ada 55, unabaki na 185 kwa mwaka. Ukipewa, mfano, 3,200 leo umepewa miaka 17 ya kushika, kwenye mkia ambao hakuna anayejua miaka 17 ijayo utakuwa wapi. Akasema kaka mimi naamini ni asilimia kumi. Haya, kumi, ni 600 toa 55, 545 kwa mwaka, 3,200 bado ni karibu miaka sita. Na asilimia kumi kwa mwaka kwa jina la io ni imani, sio makadirio. Lakini 1,500? Kwa hesabu yake ya kumi ni chini ya miaka mitatu, kwa hiyo kukataa 1,500 kulikuwa na akili, kukataa 3,200 hakukuwa nayo. Tukaandika namba hiyo ya 3,200 kwenye shiti kabla ya kujibu chochote, ili katikati ya mazungumzo damu isichemke.

Jibu lilikuwa fupi. Asante kwa kuulizia, jina linauzwa, bei 4,500, malipo kupitia mtu wa kati anayeshika hela mpaka jina lihame. Hakuandika habari za kampuni yao, hakuonyesha anawajua. Zile siku tatu zikapita kimya. Alinipigia mara nne, kaka nimeharibu. Siku ya tisa wakarudi na 2,400, wakapanda 2,800, mwisho 3,200 wakigawana gharama za Escrow.com, huyo mtu wa kati, nusu kwa nusu. Jina likasukumwa ndani kwa ndani kwa sababu mnunuzi alifungua akunti kwa msajili yuleyule, haikuchukua hata saa moja. Kilichochukua muda ni benki, waliona dola zinaingia toka nje wakataka karatasi ya mauziano na ankara, kwa hiyo kama unauza, andaa hivyo vitu mapema. Mkononi ilifika kama 3,050. Toa zile 2,600 alizokwishalipa, faida ya biashara yote ya miaka mitatu ni dola 450. Namshukuru aliniruhusu kuiandika namba hiyo, kwa sababu bila yeye kuiona isingewezekana kumshawishi kuhusu yaliyobaki.

Kwenye io zilizobaki nane, tano tuliziacha ziishe. Majina ya maneno matatu, mengine ya kripto ya 2021, na mojawapo lilikuwa na jina la huduma kubwa ya malipo ndani yake. Hilo nilimwambia usiliuze hata ukipata mtu, liache leo, kwa sababu kuwaandikia wenye alama ya biashara ukiwauzia jina lao ndo ushahidi wenyewe wa nia mbaya. Moja ndipo inapokaa huduma yake ya hesabu za maduka, ina wateja wanalipa. Hilo sio la kuuza wala kushika, ni nyumba, na swali lake ni tofauti kabisa. Tulichofanya ni kuchukua neno hilohilo kwenye co.tz, kuhamishia imeili huko taratibu, na kuwazoesha wateja anwani ya pili. Mwenye kudhani ni woga akumbuke Waingereza waliokuwa na majina ya eu, Brexit ilipokamilika 2021 wakapoteza haki ya kuyashika yakazimwa, na Gabon 2023 ilipouchukua mkia wake wa ga kutoka kwa mwendeshaji wa nje mamilioni ya majina ya bure yalifutwa. Mkia una mwenyewe, na mwenyewe sio wewe.

Ai nayo ina mwenyewe, Anguilla, kisiwa cha watu kama elfu kumi na sita huko Karibiani, na mwaka 2023 mkia huo uliwaingizia kama dola milioni 32, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali. Serikali inayopata hela kiasi hicho kwenye mkia haitauchezea, kwa hiyo hofu ya kufutwa sikuipa uzito. Hofu ya pale ni nyingine, kwamba mahitaji ni ya msimu huu na ada ni ya miaka miwiliwili. Tulishika mawili, neno moja la Kiswahili na moja la kilimo, tukaacha mawili yaliyoanza na "chat".

Na hapo kwenye moja la chat nadhani nilikosea. Lilikuwa fupi kuliko nilivyolipa heshima, mimi niliona neno chat limechoka, nikamsukuma aliache. Lilipofunguka lilichukuliwa haraka na sasa lina ukurasa wa kuuzwa dola 2,900. Bei ya kuomba sio bei ya kuuza, na halijauzwa mpaka naandika hapa, lakini mtu mwenye uzoefu ameweka hela yake pale ambapo mimi nilimwambia kijana aitoe, na nilipaswa kuangalia mauzo ya majina yanayofanana nalo kabla ya kusema. Nililiamua kwa kuchoka, ilikuwa saa sita usiku na tulikuwa msitari wa kumi na saba.

Xyz tulibakiza moja, tano zikaondoka, hakuna cha kusimulia. Africa tulibakiza mbili zenye jina la mji na huduma, kwa sababu kwa mara ya kwanza ile safu ya "nani atanunua" ilijazika kwa majina ya biashara halisi unazoweza kuzipigia simu. Mbili hizo nilimwambia aziweke ukurasa wa kweli, namba na picha, zisikae zinaangalia ukuta. Moja imeshaanza kuleta watu wanaoulizia usafiri, hela yenyewe ndogo, ila inalipa ada yake na ya mwenzake.

Kwa hiyo 23 zikawa 8, na dola 951 kwa mwaka zikawa 365. Zile io mbili zilizobaki za kuuza, maneno mawilimawili ya Kiingereza, ziliwekwa sokoni na bei inayoonekana, moja 2,800 nyingine 1,900. Nilisisitiza bei ionekane kwa sababu mtu wa kampuni ndogo akiona "toa ofa" anaondoka, hana muda wa kubembelezana na asiyemjua. Ya 1,900 imeulizwa mara mbili, haijauzwa. Ya 2,800 hakuna aliyeuliza. Ada yake inadaiwa mwezi wa nane, na tumekubaliana kwamba mwezi wa tano bei inashuka hadi 1,500, na ikifika tarehe ya ada bila mtu kuuliza, haikatwi kwenye kadi. Kadi yenyewe ameshaitoa kwenye malipo ya moja kwa moja, kila jina sasa anabonyeza mwenyewe kwa mkono.